Lango la Saa Moja

Mzee Dalmas Opondo alikuwa amelala chali katikati ya viatu vya watu. Vilikuwa vingi: vya shule, vya kanisani, na buti moja la kazi ya mjengo lisilo na mwenzake. Damu iliyomtoka kisogoni ilikuwa imekauka kitambo na kugandisha kamba za kiatu cheupe cha mtoto.

Inspekta Nabalayo aliinama kupita mlangoni, leso puani. Chumba kilikuwa cha mabati, futi kumi kwa kumi, katika sehemu ya Kibera ambako ukuta wako ndio ukuta wa jirani. Ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi, na joto lilikuwa limeshaanza kupanda.

"Nani alimpata?"

"Kastoma, madam," alijibu Koplo Ng'ang'a, msaidizi wake, kijana mrefu aliyependa kusimama karibu na hewa. "Mama mmoja alikuja kuchukua viatu za mtoi. Akaona kufuli iko nje lakini harufu iko ndani. Majirani wakavunja."

"Kufuli ni yake?"

"Yake. Ufunguo hatujaona. Simu pia hakuna. Lakini pesa ziko kwa kopo, hazijaguswa."

Haya basi. Mwizi gani wa Nairobi anaacha pesa taslimu na kubeba simu ya mzee fundi viatu?

Daktari wa polisi aliyekuwa amepiga magoti kando ya maiti aliinua kichwa. "Pigo moja. Alianguka kinyumenyume akagonga hiki chuma." Alionyesha kile chuma cha miguu mitatu ambacho mafundi hugongea soli. "Hapa kifuani kuna mchubuko. Alisukumwa. Mkakamao wa maiti umeshaisha, tumbo limevimba. Ukiniuliza, Jumamosi jioni."

Nabalayo aliandika. Kisha akauona ukuta, na kalamu ikasimama.

Juu ya kitanda, kwa chaki nyeupe, marehemu alikuwa amechora ngome. Minara minne, lango moja, mishale ikionyesha adui anakotokea. Kila sehemu ilikuwa na jina. Langoni: BABU LANGO. Ukutani: MAMA NYUNDO. Mnara wa kushoto: DADA MSHALE. Handakini: JEMBE. Katikati, penye msalaba: DAKTARI. Na mbele ya Mama Nyundo aliongeza neno moja, akalipigia mstari mara mbili: *hospitali*.

"Hii ni nini sasa?" Ng'ang'a aliuliza, akipiga picha. "Mama Nyundo ni nani?"

"Sijui," alisema Nabalayo.

Alikuwa anajua. Mama Nyundo alikuwa yeye mwenyewe.

Cheka ukitaka. Inspekta mzima wa polisi, miaka arobaini na minne, kila siku ikifika saa moja jioni hujifungia chumbani kwake Riruta na kucheza gemu ya simu. Lakini kabla hujamaliza kucheka jiulize, mwanamke mwenye cheo kituoni anamwambia nani shida zake? Mume alishaenda zake. Mtoto yuko chuoni Eldoret. Wadogo wanamwogopa, wakubwa wanamngoja ateleze. Miaka miwili sasa, watu waliomuuliza "umeshindaje" wakangoja jibu walikuwa wanne tu, na hakuwa amemwona hata mmoja wao kwa macho.

Walijiita Boma la Saa Moja. Watoto hawakuruhusiwa, ukileta utoto, unatolewa. Na walikuwa na sheria tatu, alizozitunga Babu Lango mwenyewe. Hatuulizani jina la kwenye kitambulisho. Hatuulizani kwenu ni wapi. Hatuulizani kazi. Katika mji huu ukitaja jina la baba yako, watu wameshajua unakula nini na unampigia nani kura. Langoni kwa Babu hapakuwa na Mjaluo wala Mkamba wala Mbukusu. Palikuwa na watu watano na ngome yao.

Mpango wa ngome siku zote aliuchora Babu, na sasa Babu alikuwa hapa, na nzi usoni.

Daktari wa polisi amesema Jumamosi. Mbona Jumapili walicheza naye? Mbona jana, Jumatatu, Babu Lango alilishika lango mpaka mwisho na wakashinda? Alikuwa hazungumzi, kweli. Aliandika tu: *Koo limekauka.* Nao wakamwambia pole, anywe tangawizi.

Mkono wake ulijipeleka wenyewe chini ya kwapa la kushoto, ukagusa, ukarudi. Hiyo ilikuwa tabia yake ya miezi mitano. Kulikuwa na uvimbe pale, pembeni mwa titi. Binadamu waliojua habari zake walikuwa haohao wanne, na mmoja wao alimtuliza. Daktari alimwambia: "Ni mafuta tu, Mama Nyundo. Kanda na maji moto." Akayashika maneno hayo kama hukumu ya mahakama ya rufaa, akalala usingizi.

"Madam, uko sawa?"

"Harufu tu. Tutoke."

Nje, askari wawili walikuwa wameshamkamata mtu.

*

Ouma, jirani wa ukuta wa kulia, alikuwa fundi wa kuchomelea milango. Aliletwa chumba cha mahojiano akiwa bado na vumbi la chuma kwenye nyusi.

"Majirani wanne wamekusikia Jumamosi," Ng'ang'a alianza. "Ulisema utamnyamazisha mzee."

"Afande, hiyo ni mdomo tu! Kila siku saa moja, gemu yake: pu! pu! pu! Mtoi wangu anashindwa kusoma. Nikagonga mabati nikamwambia, 'Buda, zima hiyo kitu ama nikuje nikunyamazishe.'"

"Ukaenda?"

"Sikuenda popote."

"Alikujibu nini?"

Ouma alijifuta vumbi la nyusi. "Hapo ndio sielewi. Huyo mzee, jaduong', hujibu na matusi. Matusi tamu, mpaka unacheka. Hiyo siku, kimya. Lakini gemu ilikuwa inaendelea."

Nabalayo, aliyekuwa amekaa pembeni, aliinua macho. "Saa ngapi hiyo?"

"Saa moja na kitu, madam. Na kabla ya hapo kulikuwa na mgeni. Nilisikia sauti ya mwanaume, ya upole upole. Sikumwona. Nilikuwa nachomelea."

"Mgeni gani tena?" Ng'ang'a alicheka. "Mgeni wa kutungwa."

Ouma alipelekwa seli. Sheria inasema saa ishirini na nne: kesho saa nne asubuhi awe mbele ya hakimu au awe nje. Ng'ang'a alikuwa na mashahidi wanne na tishio lililosikika mtaa mzima. Kwa kesi ya maskini, hiyo inatosha kabisa.

Nabalayo alibaki peke yake chumbani. Saa moja na kitu Jumamosi, Babu Lango aliingia bila salamu. Yeye alikuwepo. Aliliona lango likifungwa kwa wakati wake, raundi baada ya raundi. Na lango la gemu ile halishikwi na mgeni. Yeye mwenyewe alijaribu miezi mitatu akashindwa. Basi aliyekuwa ameshika simu mle ndani, kando ya maiti, alikuwa mtu anayelijua lango. Mtu wa Boma. Dada Mshale, Jembe, au Daktari.

Mmoja katika watu watatu aliowapenda.

Akisema, ataondolewa kwenye kesi, simu zote zitachukuliwa, Boma limekwisha. Na ule uvimbe utasomwa kwa sauti mahakamani. Asiposema, Ouma anakwenda rumande kwa kosa la kugonga mabati. Alizunguka meza mara tatu. Maji yalikuwa yamefika shingoni, na hakuna aliyemtosa ila yeye mwenyewe.

Saa kumi na mbili na nusu jioni alimwita Ng'ang'a.

"Funga mlango. Nitakuonyesha kitu, na ukicheka nakuhamishia Turkana."

*

Ng'ang'a hakucheka. Alisikiliza yote akiwa mdomo wazi, kisha akasema tu, "Kwa hiyo Mama Nyundo…"

"Ndiyo. Kesho nitaandika taarifa yangu kama shahidi. Leo nataka kujua ni nani. Kampuni ya simu itachukua wiki kutupa rekodi, na Ouma hana wiki."

"Utamjuaje?"

"Anacheza kama watu wawili, yeye na Babu, kwa simu mbili. Mikono yake ni miwili. Angalia nani anasimama Babu anaposogea."

Ikafika saa moja. Simu ililia kengele ya ngome, na sauti zikaingia moja baada ya nyingine.

"Wazee, sasa! Mko?" Dada Mshale, sauti ya kicheko.

"Niko, ila chai iko jikoni. Ikichemka nawaacha mfe," Jembe akasema.

"Tupo," alisema Daktari, taratibu. "Mama Nyundo, umeshindaje?"

"Nimeshinda salama."

Kwenye kioo yakatokea maandishi ya Babu Lango: *Koo bado. Tucheze.*

Ng'ang'a alisoma, akajikuna mkono. Nywele zilikuwa zimemsimama.

Adui walishuka. Nabalayo alingoja wajae. "Jembe, chimba! Babu, lango!" Handaki likachimbwa, lango likafungwa, papo kwa papo. Si Jembe. Raundi ya pili: "Dada, piga mnara! Babu, fungua!" Mishale ikamiminika huku lango likifunguka. Si Dada Mshale.

Hakutaka kuendelea. Alijua aliyebaki, na moyo ulikuwa unamwambia zima simu, uende nyumbani.

Raundi ya tatu aliruka ukuta, akaingia katikati ya adui. "Mama Nyundo, unaenda wapi?" Jembe alipiga kelele. "Daktari, dawa!" aliita. "Babu, lango!"

Lango likafungwa. Dawa haikuja. Alianguka.

Katika miaka miwili Daktari hakuwahi kumwacha aanguke.

"Pole sana," sauti ya upole ilisema. "Mtandao unanisumbua."

Raundi ya nne alirudia vilevile. Dawa ilikuja mbio. Lango likabaki wazi, na adui wakaingia kama maji.

"Mikono miwili, simu mbili," Ng'ang'a alinong'ona. "Huyo ndiye. Sasa, madam, anakaa wapi? Nyinyi si hamuulizani?"

Ndiyo, hatuulizani. Nabalayo alikaa akiitazama simu. Palikuwa na njia moja, na hakuipenda, maana chambo chenyewe kilikuwa mwilini mwake. Wenzake walipoagana, alifungua ujumbe wa faragha. Ng'ang'a alikuwa nyuma ya bega lake, hakumwambia ageuke.

*Daktari, ule uvimbe wa titi umekua. Sasa unauma mpaka kwapani. Naogopa.*

Hapakuwa na uongo hata neno moja. Nyuma yake Ng'ang'a alisogea taratibu mpaka dirishani, akaanza kuangalia uwanja wa kituo kana kwamba kuna kitu.

Upande wa pili mtu aliandika, akaacha. Akaandika, akaacha. Dakika sita. Kisha:

*Nenda hospitali. Usikande tena. Nilikosea, nisamehe. Kesho ni Jumatano, kuna daktari wa akina mama kwa ile kliniki ya geti la bluu, Kabiro, Kawangware. Yuko mpaka saa tisa. Usipange laini ya mbele, ni ndefu. Pitia mlango wa nyuma karibu na tangi la maji saa mbili kabla watu wajae. Nakuomba, nenda.*

Nabalayo alisoma mara mbili, akampa Ng'ang'a.

"Mlango wa nyuma," alisema Ng'ang'a. "Hiyo mgonjwa hajui."

"Daktari pia hapitii huko."

"Basi ni nani hupitia?"

"Tutaona asubuhi," alisema, na usiku ule hakupata hata lepe la usingizi.

*

Saa mbili kasorobo, mbele ya geti la bluu, foleni ilikuwa imeshazunguka kioski cha chapati. Nabalayo alivaa leso na ndala, akapita uchochoro mpaka nyuma. Ng'ang'a alimfuata kwa mbali.

Karibu na tangi la maji palikuwa na mlango wa mabati, na kando yake kiti cha plastiki kilichopanguswa kikang'aa. Mwanamume wa miaka arobaini hivi, koti la kijani la usafi, alikuwa akipiga deki mahali palepale ambapo palikuwa safi tayari. Kila mara alitupa macho uchochoroni.

Nabalayo alikisogelea kiti, akashika mgongo wake.

"Samahani, mama," mwanamume alisema. Sauti ileile. "Hicho kiti kina mwenyewe. Kuna mtu namngoja, ni mgonjwa."

Nabalayo akifungua mdomo, Daktari ataijua sauti yake. Alisimama ameshika kiti mpaka Ng'ang'a alipotokea.

"Niaje, bro. Jina?"

"Timothy Kavoi."

"Polisi. Weka hiyo ndoo chini. Mfukoni kuna simu ngapi?"

Ndoo ilianguka yenyewe. Simu zilikuwa mbili, na pamoja nazo ufunguo wa kufuli. Moja ilikuwa ya zamani, kioo kina ufa, na nyuma imepakwa gundi ya viatu.

*

Saa tatu na nusu. Kavoi alikuwa amekaa chumba cha mahojiano, mikono mezani. Ng'ang'a alikuwa ameshamweleza haki zake: anaweza kunyamaza, anaweza kuita wakili. Nabalayo alikaa nyuma ya Kavoi, ukutani.

"Hii simu ya pili ni ya nani?"

"Niliokota."

"Wapi?"

"Njiani. Kawangware."

"Lini?"

"Sikumbuki."

"Jumamosi jioni ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Kliniki imesema ulitoka saa kumi."

Kavoi aliitoa mikono mezani.

"Unamjua Dalmas Opondo?"

"Hapana." Na hilo, ukilifikiria, halikuwa uongo sana. Jina hilo pengine hakuwahi kulisikia.

Ng'ang'a alitazama saa ukutani, kisha akamtazama mkubwa wake. Ouma alikuwa ameshatolewa seli, amekaa kwenye benchi akingoja gari la mahakama.

Nabalayo alivuta pumzi. "Daktari," alisema.

Mgongo wa Kavoi ulikakamaa. Hakugeuka.

"Daktari, ni mimi. Uko?"

Aligeuka polepole. Macho yalimtoka. "Mama Nyundo?"

"Ndiyo."

"Kile kiti…" Aliitazama ile leso. "Ulikuwa wewe. Nilikukataza kiti chako."

"Naitwa Nabalayo. Ni inspekta wa polisi. Umeambiwa haki zako, hulazimiki kunijibu. Lakini nataka kujua nini kilimpata Babu."

Kavoi alilia. Alilia kama watu wazima wanavyolia wakiwa hawajalia kitambo, kwa kelele na bila haya. Ng'ang'a alisogeza kinasa sauti karibu. Baadaye angerudia yote mbele ya ofisa mkuu zaidi na mtu aliyemchagua mwenyewe, kama sheria inavyotaka. Lakini siku ile alimwambia rafiki yake.

"Mimi si daktari," alianza. "Nafagia. Miaka tisa nafagia pale. Sijawahi kuwaambia mimi ni daktari, hata siku moja."

"Hukusema."

"Kwa gemu nilichagua kuponya kwa sababu kazini naona wenzangu wakiponya, mimi nabeba ndoo. Basi. Halafu mtoto wa Dada Mshale akahara. Akaniuliza nifanye nini. Nikamwambia maji, chumvi, sukari. Iko kwa ukuta pale kliniki, nimeipangusa miaka tisa. Mtoto akapona. Mkanishukuru wote. Mkaanza kuniita Daktari… mkimaanisha."

"Kwa nini hukutukataza?"

"Si hatuulizani kazi?" Alimtazama kwa uchungu wa kweli. "Mngeuliza, ningesema. Naapa. Lakini mliniheshimu. Kule ninakokaa, Kabiro, mwenye nyumba ananiita 'wewe wa choo'. Saa moja ikifika, mtu ananiambia, 'Daktari, asante.' Wewe ungefanya nini?"

Nabalayo alitazama ukuta. Aliogopa jibu lake.

"Ulikwendaje Kibera?"

"Babu ndiye alivunja sheria. Aliniandikia Ijumaa. Akasema, 'Nipe dakika kumi ana kwa ana, ni jambo la uhai.' Nikafikiri ni mgonjwa. Nikaenda nimkague." Alicheka kidogo, cheko baya. "Nimkague! Mimi! Kufika, akaona hii koti yangu ya usafi kwa mfuko. Akauliza, 'Wewe ni daktari wa wapi?' Nikasema ukweli. Ni mtu wa kwanza niliyemwambia."

"Akasema nini?"

"Hakukasirika. Akanitengea kigoda. Akasema mke wake alianza na kauvimbe kadogo vilevile, huko ziwani, wakakanda na maji moto mwaka mzima. Alimzika." Kavoi alifuta pua kwa mkono wa shati. "Akasema, 'Leo saa moja utamwambia Mama Nyundo wewe si daktari, aende hospitali. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi. Mficha maradhi, kifo humuumbua.'"

Mkono wa Nabalayo ulijipeleka wenyewe kwapani. Kumbe ni yeye. Ugomvi wote ule, mzee yule chini kati ya viatu, ulikuwa juu yake yeye.

"Nikamwomba," Kavoi aliendelea. "Nikamwambia nitamwandikia faraghani, nitamwambia aende, lakini usiseme mimi ni mfagiaji. Mkijua mtanitoa. Akasema uongo hauponyi mtu. Akachukua simu aanze kuandika. Nikaishika. Akavuta. Nikamsukuma. Mara moja tu, Mama Nyundo. Moja."

"Akaanguka."

"Kwa kile chuma."

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Ilibaki dakika tano saa moja ifike. Gemu ilikuwa imefunguka tayari. Nikasikia kengele. Nikawasikia nyinyi mkiingia: Jembe, Dada, wewe. Mnaita, 'Babu uko wapi, lango liko wazi.' Nikaketi kwa kigoda. Simu yake mkono huu, yangu mkono huu."

"Kwa nini?"

"Mngeanguka wote."

Ng'ang'a aliacha kuandika. Nabalayo aliinuka, akazunguka meza, akakaa mbele ya Kavoi uso kwa uso. Lilibaki swali moja, na angelipenda mtu mwingine aliulize.

"Ulipokaa kwenye kigoda, Babu alikuwa amekufa?"

Kavoi aliinamisha kichwa.

"Daktari. Alikuwa amekufa?"

"Alikuwa anapumua." Ilitoka kama mnong'ono. "Kidogo. Kama mtu anakoroma. Jirani akagonga mabati, anapiga kelele. Nilitaka kuita. Lakini wangekuja wangeuliza, 'Na wewe ni nani?'"

"Mpaka lini?"

"Kabla ya raundi ya tatu akanyamaza."

Raundi ya tatu. Jumamosi. Nabalayo alikumbuka raundi ile. Walipiga vigelegele, Jembe akasema Babu leo ni simba. Yeye mwenyewe alicheka mpaka machozi. Ukuta wa mabati, jirani yuko pale, ukuta huu na huu. Sauti moja tu ya kuita ingemwokoa mzee.

"Ungeita, Timothy," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. "Tusingekutoa. Ungefagia choo cha dunia nzima, tusingekutoa. Kwa nini ulifikiri sisi ni watu wa namna hiyo?"

Kavoi alifunika uso. Alipoondoa mikono hakumtazama machoni.

"Na wewe," aliuliza, "leo daktari amekuona? Uliingia?"

"Nilikuja kukukamata."

"Hukuingia?" Sauti ilipanda. "Mama Nyundo, hukuingia? Babu amekufa kwa hilo! Yuko mpaka saa tisa tu! Mpaka Jumatano ijayo hakuna mwingine!" Askari wa mlangoni alimshika bega, naye akaendelea kupiga meza kwa viganja. "Nenda! Mimi nifungeni, lakini yeye mpelekeni!"

Nabalayo alisimama.

"Ng'ang'a. Mtoe Ouma kwenye benchi, mwombe radhi, umpe nauli. Huyu mpeleke kwa mkuu wa kituo, arudie yote kwa utaratibu. Kesi si yangu tena. Kwenye orodha ya mashahidi niandike wa kwanza."

"Nikuandike vipi, madam?"

"Jina langu lote. Na hilo lingine pia."

Alichukua mkoba. Mezani, simu yenye gundi ilikuwa imewaka. Dada Mshale alikuwa akimuuliza Babu kama koo limepona. Nabalayo aliusoma ujumbe, akaikabidhi simu kwa Ng'ang'a pamoja na bahasha ya ushahidi. Jioni atawaambia mwenyewe, kwa sauti yake, na kwa jina lake.

"Madam, unaenda wapi sasa?"

"Kabiro. Kupanga laini."

"Ile ya nyuma?"

"Ya mbele," alisema, "kama watu wengine." Na akatoka mbio, maana ilikuwa saa nne kasoro dakika tano, na foleni ilikuwa ndefu.